Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: fedha na uongozi wa jumuiya ya kuhifadhi majengo ya kale, Mji Mkongwe wa Zanzibar

Maswali haya yamekusanywa kutoka mikutano ya wanachama, barazani na kwa wenye nyumba wanaokuja kuomba msaada. Yanahusu jumuiya ya hiari, yaani watu waliojikusanya wenyewe kuokoa majengo ya mawe na chokaa, na yanaeleza fedha zinaingiaje, zinatokaje na nani anazijibia. Jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Jumuiya ya hifadhi inatofautianaje na Mamlaka ya Mji Mkongwe?

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ni chombo cha Serikali kilichoanzishwa mwaka 1985. Ndiyo inayotoa vibali vya kujenga, kubomoa au kubadili jengo, na ndiyo yenye nguvu ya kisheria ya kumsimamisha anayevunja masharti. Jumuiya haina nguvu hiyo na haipaswi kujifanya inayo. Kazi yake ni kukusanya fedha, kuwasaidia wenye nyumba wasiojiweza, kuwafunza mafundi vijana na kusema wazi pale jengo linapoharibiwa, hata kama anayeliharibu ni mkubwa.

Mstari huu ni muhimu katika fedha pia. Jumuiya inayoishi kwa ruzuku ya chombo ambacho inatakiwa kukikosoa hujikuta imenyamaza bila kuamriwa kunyamaza.

2. Majengo yenyewe ni ya nani?

Mji Mkongwe una takriban majengo 1,700. Yapo ya Serikali, mengi yao yakiwa yametaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Yapo ya wakfu. Yapo ya watu binafsi. Na zipo nyumba za urithi ambazo hazijagawanywa, zenye warithi Unguja, Dar es Salaam, Maskati na London. Jumuiya nyingi hazimiliki hata jengo moja. Hii ina maana kwamba kila shilingi ya ukarabati inaingia katika mali ya mtu mwingine, na ndiyo sababu makubaliano ya maandishi hutangulia kazi (tazama swali la 10).

3. Tunao wakfu tangu zamani. Jumuiya ya nini tena?

Hili ndilo swali tunaloulizwa na wazee, na ni swali zuri kuliko yote. Wakfu ndio mfumo wetu wa asili wa kuhifadhi: mtu anaifunga mali yake kwa ajili ya kheri, nayo haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi, na mapato yake yanakwenda kule alikokutaja mwenyewe. Misikiti, visima na nyumba za maskini katika miji yote ya mwambao vimesimama kwa njia hiyo. Kwa Zanzibar, usimamizi wake uko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Hata hivyo, wakfu unategemea kodi ya nyumba. Kodi ikibaki ndogo kwa miaka mingi huku bei ya boriti na chokaa ikipanda, nyumba ya wakfu haiwezi kujitengeneza yenyewe, na mpangaji anayelipa kidogo huona bora anyamaze kuliko kulalamikia paa. Jumuiya haiji kuchukua nafasi ya wakfu. Inakuja kuziba pengo kati ya kodi inayolipwa na gharama halisi ya kulitunza jengo, kwa ridhaa ya Kamisheni na bila kubadili sharti la aliyeuweka wakfu.

4. Jumuiya inaandikishwa wapi?

Kwa miaka mingi jumuiya za Zanzibar zimeandikishwa kwa Mrajis chini ya Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya 1995. Tanzania Bara ina utaratibu wake: mashirika yasiyo ya kiserikali huongozwa na Sheria Namba 24 ya 2002, na bodi za wadhamini huandikishwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wenzetu wa Lamu na Mombasa wako chini ya sheria ya Kenya ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyopitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024. Katiba iliyonakiliwa kutoka upande mwingine wa mpaka, au hata wa bahari, huleta usumbufu, hivyo ni vyema kumwona Mrajis kabla ya kuandika neno la kwanza.

## Fedha zinatoka wapi

5. Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia. Kwa nini UNESCO isilipe?

Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu hapo watu wengi wameamini kwamba kuna fedha zinazokuja kila mwaka. Hazipo. Mfuko wa Urithi wa Dunia una mamilioni machache tu ya dola kwa maeneo zaidi ya 1,200 duniani kote, na maombi hupitia kwa serikali za nchi wanachama. Kuorodheshwa kunaleta heshima, watalii na wajibu, na wajibu huo unabaki kwa wenye mji.

6. Basi fedha zinatoka wapi hasa?

Zinatoka kwa ada za wanachama, michango ya hiari, wasia, misaada ya wafadhili kwa mradi maalumu, na mapato madogo ya matembezi ya kuongozwa au mafunzo. Misaada ya miradi ndiyo mikubwa na ndiyo inayoonekana. Zahanati ya zamani ya Tharia Topan pale mbele ya bandari, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1887, ilifufuliwa katika miaka ya 1990 na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini lilikarabatiwa katika muongo uliopita kwa ushirikiano na World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, na fedha za Umoja wa Ulaya.

Ada ni ndogo kwa kulinganisha, lakini ndizo fedha tunazozithamini kuliko zote. Sababu yake imo katika jibu linalofuata.

7. Mna mamilioni benki. Kwa nini mnasema hamna fedha za kutengeneza paa letu?

Kwa sababu fedha za jumuiya ni za aina mbili, na benki haizitofautishi. Fedha zenye masharti ni zile zilizotolewa kwa kazi iliyotajwa, na kuzitumia kwa kazi nyingine, hata njema zaidi, ni kuvunja amana. Fedha huru ni zile ambazo kamati inaweza kuzielekeza popote ndani ya malengo ya katiba, nazo kwa kawaida ni ada na michango isiyo na sharti.

Tuchukue mfano. Jumuiya imepokea shilingi milioni 40 kwa ajili ya paa la madrasa moja, na ina milioni 3 za ada. Taarifa ya benki itaonyesha milioni 43. Mwenyekiti anayeangalia salio anaona jumuiya tajiri. Mshika fedha anaona milioni 3, na kati ya hizo kuna kodi ya ofisi na mshahara wa mlinzi. Mwezi ambao mfadhili amechelewesha awamu ya pili, kishawishi cha kuazima kutoka mradi mmoja kulipia mwingine ni kikubwa sana, na kila anayeazima anakusudia kurudisha. Jumuiya nyingi zinazokufa hufia hapa, bila mwizi hata mmoja. Kwa hiyo tunashauri kila msaada mkubwa uwe na akaunti yake ya benki, au angalau safu yake katika daftari, na ripoti ya kila mwezi ionyeshe salio la kila mfuko peke yake. Jumla moja inayofurahisha macho haimsaidii mtu.

8. Kwa nini mnasisitiza matengenezo madogo badala ya miradi mikubwa?

Kwa sababu majengo haya huuawa na maji, na maji huanza kidogo. Mfereji wa bati unatoboka. Mvua za masika zinamwagika ukutani mahali pale pale kila siku. Plasta ya chokaa inalowa, udongo ulioshika mawe katikati ya ukuta unaoshwa, na ncha ya boriti iliyozama ukutani inaanza kuoza pasipoonekana. Aliye chumbani anaona doa la rangi ya chai kwenye dari. Anapaka chokaa. Mwaka unaofuata doa limekuwa kubwa kama sinia, na fundi akiichoma boriti kwa bisibisi, bisibisi inaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Siku ile ya kwanza kazi ilikuwa kipande cha bati, misumari na nusu siku ya fundi. Sasa ni kutegemeza sakafu mbili, kubadilisha safu nzima ya boriti na kuihamisha familia.

Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883 katika enzi ya Sayyid Barghash, ndilo jengo mashuhuri kuliko yote mjini. Sehemu ya roshani yake ilianguka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele ikaporomoka wakati ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Fedha kubwa zilifika jengo likiwa limekwisha kuchoka.

Tatizo ni kwamba mfadhili hapigi picha mfereji wa maji. Anataka jengo lililofufuliwa, lenye utepe wa kukatwa. Kazi ya kupanda juu ya paa kila mwaka kabla ya masika, na nyingine kabla ya vuli, hulipiwa na ada, na ndiyo maana mwanachama anayelipa ada yake kwa wakati analinda nyumba nyingi kuliko anavyodhani.

9. Je, inawezekana kuwa na mfuko wa kudumu? Na riba je?

Inawezekana, na inapendeza. National Trust, jumuiya ya hifadhi ya Uingereza iliyoanzishwa 1895, ilinunua nyumba yake ya kwanza mwaka uliofuata kwa pauni 10, kisha ikajifunza kwa gharama kwamba kuitunza nyumba ni ghali kuliko kuinunua. Leo kwa kawaida haipokei nyumba isiyoambatana na fungu la fedha ambalo mapato yake yataitunza. Mwenye kujua wakfu ataona kwamba wazo hilo si geni kwetu: mzee aliyeweka msikiti wakfu alikuwa akiuwekea na shamba la minazi au maduka mawili.

Kuhusu riba, wanachama wengi hawataki jumuiya iingize kipato hicho, na msimamo huo unapaswa kuandikwa katika sera ya fedha mapema ili usiwe ugomvi baadaye. Mfuko unaweza kuwekwa katika akaunti za benki zinazofuata sharia au katika mali inayopangishwa. Mtu pia huuliza kama anaweza kutoa zaka. Zaka ina makundi manane ya wanaostahiki yaliyotajwa katika Qur'ani, na ukuta si mmoja wao. Sisi hatuipokei kwa ukarabati, bali tunapokea sadaka na wasia. Anayetaka ufafanuzi zaidi amwone sheikh wake, si mshika fedha.

## Fedha zinavyotumika

10. Kwa nini fedha za umma zitumike katika nyumba ya mtu binafsi?

Kwa sababu ukuta wa nje, mlango wa nakshi na baraza vinaonwa na mji mzima, na nyumba hizi zimeegemeana: moja ikianguka inakwenda na jirani yake. Hata hivyo, hofu ya muulizaji ni ya kweli. Nyumba inaweza kukarabatiwa kwa sadaka leo na kuuzwa kwa mwekezaji wa hoteli kesho, na wapangaji waliokuwamo wakajikuta nje.

Kwa hiyo makubaliano yatiwe saini kabla ya kazi kuanza, yakitaja mambo matatu angalau: mwenye nyumba anachangia nini, kwa fedha au kwa kazi, wapangaji wanabaki kwa muda gani na kwa kodi gani, na akiuza ndani ya miaka iliyokubaliwa, anarudisha kiasi gani cha msaada. Kwa nyumba ya urithi, warithi wote au wakili wao watie saini. Tumeona kazi ikisimama wiki ya pili kwa sababu ndugu mmoja aliye ng'ambo hakuulizwa.

11. Kwa nini chokaa na si saruji, wakati saruji inapatikana kila duka?

Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua. Saruji huuziba, unyevu na chumvi vikabaki ndani, na baada ya misimu michache plasta inabanduka pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Chokaa inahitaji kulowekwa na kusubiriwa, na hiyo subira ni siku za fundi zinazoonekana katika ankara. Tunapolinganisha makadirio ya bei, tunalinganisha gharama ya miaka ishirini.

12. Muuza boriti hatoi risiti. Mkaguzi atasemaje?

Atasema ukweli: malipo bila ushahidi hayakubaliki. Lakini ushahidi si lazima uwe risiti ya mashine. Tumia hati ya malipo yenye tarehe, idadi ya boriti, urefu wake, bei ya moja, jina la muuzaji, saini au alama ya dole gumba lake, na saini ya shahidi ambaye si aliyetoa fedha. Piga picha mzigo ukishushwa. Boriti za mikandaa, ambayo ni aina ya mikoko, zinahitaji pia kibali cha uvunaji, na nakala yake iambatanishwe. Jumuiya inayohifadhi mji kwa kufyeka mikoko kinyume cha sheria haihifadhi kitu.

13. Kwa nini sehemu ya msaada inakwenda kwenye ofisi?

Kwa sababu mtu wa kuandika hesabu, kusimamia mafundi na kumjibu mfadhili haishi kwa hewa. Swali sahihi zaidi ni kama gharama hizo zimeonyeshwa wazi katika bajeti tangu mwanzo. Ofisi iliyofichwa ndani ya kifungu cha "vifaa vya ujenzi" ni dalili mbaya hata kama kiasi ni kidogo.

## Uongozi

14. Wadhamini na kamati tendaji wanatofautianaje?

Wadhamini wanashika mali na jina la jumuiya mbele ya sheria, na wanaulizwa kama amana imelindwa. Kamati tendaji inaendesha kazi za kila siku. Mkutano mkuu wa wanachama uko juu ya wote: unapokea hesabu zilizokaguliwa, unamteua mkaguzi na unachagua viongozi. Mtu mmoja asiwe mdhamini, mweka saini wa hundi na msimamizi wa mafundi kwa wakati mmoja. Katika jumuiya ndogo watu hawatoshi na kanuni hii inauma, lakini saini mbili za watu wasio wa nyumba moja zinawezekana kila mahali.

15. Mji ni mdogo, sote ni ndugu. Mgongano wa maslahi tutauepukaje?

Hatuwezi kuuepuka; tunaweza kuutangaza. Mwenyekiti ana shemeji fundi, mshika fedha amepanga katika nyumba inayoombewa msaada, katibu ana hisa katika duka la vifaa. Hakuna aibu katika hayo. Aibu ni kujulikana baadaye. Kila kikao kifunguliwe kwa kuuliza nani ana maslahi katika ajenda, jibu liandikwe katika muhtasari, na mwenye maslahi atoke nje ya chumba wakati wa uamuzi. Kutoka nje ni lazima, kwa sababu hakuna anayeweza kumkatalia shemeji wa mtu aliyeketi mbele yake akinywa kahawa.

Orodha ya maslahi iandikwe upya kila mwaka, na mwanachama yeyote aruhusiwe kuisoma.

16. Je, viongozi walipwe posho?

Nauli na gharama halisi zirudishwe kwa ushahidi. Posho ya kukaa kikao tunaipinga. Ikishaanza, vikao huongezeka na maamuzi hupungua. Anayelipwa kwa kazi, kama mhandisi au mhasibu, alipwe kwa mkataba na asiwe mdhamini.

17. Mwanachama anaweza kuona hesabu?

Ndiyo, na hahitaji kutoa sababu. Apewe hesabu zilizokaguliwa kwa Kiswahili, na aoneshwe daftari kwa miadi.

## Hali za pekee

18. Jengo liandikwe kwa thamani gani katika hesabu?

Kama jumuiya hailimiliki, lisiandikwe kabisa kama mali yake. Kilichotumika juu yake ni matumizi. Kama inalimiliki lakini haiwezi kuliuza, bei ya soko inapotosha, kwani Mji Mkongwe leo unathaminiwa kwa jicho la hoteli. Ni sahihi zaidi kulieleza jengo kwa maneno katika maelezo ya hesabu: umri wake, hali yake, na makadirio ya gharama ya kulitunza. Kwa jumuiya, jengo ni wajibu kabla ya kuwa utajiri.

19. Mfadhili mkubwa anataka nafasi katika bodi. Tumkubalie?

Apewe shukrani, ripoti na haki ya kukagua mradi wake. Nafasi katika bodi itolewe kwa kura za wanachama. Kama sharti lake ni kubadili matumizi ya jengo, jibu linatoka kwa mwenye jengo na kwa Mamlaka, na jumuiya isiliahidi kwa niaba yao hata kwa mdomo.

20. Fedha zimepotea. Tufanye nini kwanza?

Niliwahi kuwa katika jumuiya ambayo malipo ya chokaa yalifanyika mara mbili, na chokaa ikafika mara moja. Wazee walitaka yamalizwe kimya kimya kwa kuhofia jina. Mfadhili aligundua mwaka uliofuata, na kilichomkasirisha zaidi ya fedha ni ule ukimya. Kwa hiyo: funga saini za akaunti siku hiyo hiyo, andika mnachokijua bila kumtuhumu mtu, waarifu wadhamini na mfadhili ndani ya siku chache, kisha mwite mkaguzi wa nje. Kama kuna dalili ya jinai, ripoti polisi.

21. Jumuiya ikivunjwa, mali inakwenda wapi?

Haigawanywi kwa wanachama. Katiba iseme tangu mwanzo kwamba mabaki yatakwenda kwa chombo kingine chenye malengo yanayofanana, na kwamba fedha zenye masharti zitarudi kwa mfadhili au zitatumika kwa ridhaa yake ya maandishi. Madeni ya mafundi yalipwe kwanza. Michoro, picha na daftari za ukaguzi wa majengo, ambazo katika msukosuko wa kuvunja jumuiya hakuna anayezikumbuka, zipelekwe kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar au kwa Mamlaka zikiwa na orodha yake. Atakayekuja kulitengeneza jengo lile baada ya miaka thelathini atataka kujua ni boriti zipi zilibadilishwa, na mwaka gani.